Karatasi ya Sigara Kwenye Fyuzi

Kartoni ilisema wati elfu moja. Maandishi yalikuwa mekundu, makubwa, na chini yake kulikuwa na picha ya radi ikipasua mawingu. Niliikalisha mapajani kwenye kibanda changu pale Same, nikaizungusha pande zote nne, nikaiamini. Hilo ndilo jambo la kwanza linaloniudhi hadi leo. Fundi mzima, niliyeshika mita ya umeme miaka kumi na minne kwenye karakana ya shamba la mkonge, nikaamini kartoni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Vitu vilivyokuwa vikipita mlango wa nyuma sasa vilitandazwa barabarani mchana kweupe: sabuni za rangi, kaseti, mashati ya mitumba, redio zenye taa za kumetameta. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa ajili ya kilo moja ya sukari. Sasa sukari ilijaa madukani na sisi tukabaki kuiangalia. Shamba la mkonge lilikuwa limefunga karakana yake. Watu waliotoka Kigoma, Songea na Singida kuja kukata mkonge walizurura stendi wakitafuta namna ya kurudi kwao, na mimi, Mpare mwenye kwao pale pale juu ya mlima, sikuwa na nafuu yoyote kuwashinda. Nilitoka shambani na bisibisi, mita ya zamani na barua ya kunishukuru kwa utumishi mwema. Nikafungua kibanda cha kutengeneza redio. Redio mbovu zilikuwa tele mjini, lakini nani anatengeneza redio wakati tumbo linanguruma?

Hali ilifika mahali ambapo mimi na mke wangu tulikubaliana apande mlimani na mtoto wetu, binti wa mwaka mmoja na nusu, wakakae kwa mama yangu mpaka mambo yatengemae. Huko angalau kulikuwa na ndizi, maharage, na mahindi ya kupikia makande. Nasema tulikubaliana, lakini ukweli ni kwamba mimi nilisema na yeye akanyamaza. Kumpeleka mke kwa mama yako mzazi, na godoro lake na masufuria yake, ni kutangaza mbele ya kijiji kizima kwamba mjini umeshindwa. Niliona aibu, na aibu yangu ilikuwa inageuka hasira kabla ya saa nne ya kila siku.

Hapo ndipo akaja mwenye pikapu. Alikuwa mtu wa kwetu, aliyebeba abiria na mizigo kati ya Same na vijiji vya juu siku za soko, akiendesha mwenyewe. Kulikuwa na pikapu nyingine ya njia hiyo hiyo, na mwenye nayo alikuwa ameweka muziki. Abiria wote walihamia huko, hata mama mmoja mwimba kwaya aliyekuwa amepanda gari la huyu wa kwetu miaka yote. Basi naye akaenda Dar, akarudi na kartoni ile na spika ya besi ya inchi kumi na mbili ndani ya boksi la mbao. Siku hizi mnaita sabufa. Akaniambia kwamba kama nitamfungia besi ya kumnyamazisha yule mwenzake, madereva wote wa stendi watanijua mimi. Na kwa kuwa alisikia mke wangu anapanda na mizigo, atampandisha yeye, tena kiti cha mbele.

Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia mke wangu jioni ile kwamba huenda akakaa huko juu mwezi mmoja tu, miwili ikizidi, kisha nitamfuata. Akaniangalia, akatabasamu kidogo. Sikuwa nimeona tabasamu lake kwa muda mrefu.

Hapa lazima nieleze kidogo mambo ya ufundi, maana bila hayo hamtaupima ujinga wangu. Spika ya besi ina koili, na ukinzani wa koili hupimwa kwa omu. Omu zikiwa nyingi, spika inakunywa umeme taratibu. Zikipungua, inakunywa kwa pupa. Amplifaya nayo ina mwisho wake: ukiifungia omu chache kuliko inazoweza kubeba, inachemka, na inavuta umeme wa betri bila kiasi kupitia waya uliouweka. Spika ile ilikuwa na koili mbili, kila moja omu nne. Ukiziunga kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine, unapata omu nane. Ukiziunga sambamba, unapata mbili. Na nyuma ya amplifaya, kwa herufi ndogo mno, waliandika kwamba isifungiwe chini ya nne.

Kwa hiyo njia salama ilikuwa moja, nayo ni ya omu nane. Ningependa kusema sikujua, lakini nilijua vizuri kabisa.

Nikaifunga hivyo kwanza. Amplifaya niliiweka chini ya kiti cha abiria wa mbele, boksi la spika nyuma ya kiti, na waya wa umeme nikaupitisha kutoka kwenye betri, kwenye tundu la ukuta wa injini, mpaka chini ya kiti. Waya mnene unaotakiwa kwa kazi hiyo haukuwepo Same. Nikatumia waya wa nyumba, ule wa kufungia soketi, niliokuwa nao tangu karakana. Tukawasha. Besi ikatoka laini na safi, kila pigo likisikika mahali pake, nami nikafurahi kama mtu aliyeonja chumvi baada ya ugonjwa. Mwenye pikapu akakunja uso. Akasema besi gani hiyo, mbona hata mtoto mgongoni kwa mama yake hajashtuka.

Nikaona kazi inaniponyoka, na stendi yote, na ule mwezi mmoja nilioahidi. Sikubishana naye. Niliingia chini ya kiti nikaziunga koili sambamba.

Tukawasha tena. Mabati ya kibanda yakatetemeka, kuku wa jirani wakatawanyika, na mwenye pikapu akacheka mpaka akashika magoti. Akaongeza sauti. Fyuzi ikakatika.

Nikaweka nyingine, ikakatika. Nikaweka ya mwisho niliyokuwa nayo, ikadumu nusu ya wimbo. Fyuzi za aina ile hazikupatikana mjini, na jua lilikuwa limeshainama. Mwenye pikapu akaanza kuangalia saa yake, akasema labda avumilie tu, aje kumwona fundi wa Moshi wiki ijayo. Sijui kama alisema kwa nia ya kuniumiza. Niliinama nikaokota pakiti tupu ya sigara aliyoitupa mwenyewe, nikachana ile karatasi ya kung'aa ya ndani, nikaizungushia fyuzi iliyokatika, nikaisukuma mahali pake.

Mke wangu alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, akipepeta mchele wa Ndungu uliobaki ndani ya nyumba ili aache mjini kitu cha kunifaa. Alikuwa ameona yote. Akasema, "Baba watoto, kama inakatika kila mara, si itakuwa na sababu?"

Nikiikumbuka sauti ile natamani ardhi ipasuke niingie. Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Na mimi, kwa kuwa mteja alikuwa amesimama pale, nilimjibu kwa ukali aendelee na ungo wake, mambo ya fyuzi aniachie mimi. Mwenye pikapu akacheka. Mke wangu akainamisha kichwa akaendelea kupepeta, na usiku ule hatukuzungumza zaidi ya mambo ya kufunga mizigo.

Besi ilipiga dakika kumi bila kukatika. Kisha nikazima, nikafupisha waya upande wa betri, nikakata kipande kilichozidi, kama urefu wa mkono, nikakitupa juu ya meza yangu. Nilijiona mjanja.

Asubuhi ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alikaa mbele na mtoto mapajani, kiti cha heshima, mke wa fundi. Nyuma walipakia mifuko ya saruji, godoro letu, na madebe mawili ya mafuta ya taa ya duka moja la kijijini, yakabanwa kwenye mgongo wa kabini yasimwagike. Abiria wakakaa juu ya mizigo. Mke wangu hakunipungia. Alishika mkono wa mtoto akaupungisha badala ya wake. Gari likaondoka likitikisa vioo vya maduka, likaenda kuzunguka stendi kutafuta watu zaidi, na watu kweli walikuwa wanageuka kuliangalia. Nilisikia fahari. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu linaniuma.

Nilirudi kibandani nikaanza kupanga meza. Nikashika kile kipande cha waya ili nikitunze, maana wakati ule hatukutupa hata msumari. Plastiki yake ilikuwa imekunjamana. Nilipoibana kwa vidole ikateleza juu ya shaba kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Mahali pamoja ilikuwa imegandana yenyewe kwa yenyewe, inang'aa, imeyeyuka na kupoa tena.

Dakika kumi tu, gari likiwa limesimama. Na sasa lilikuwa linapanda mlima kwa saa mbili na nusu au tatu, kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma, na dereva ambaye ili asikie muziki wake juu ya mngurumo ule angeongeza sauti kila kona. Sikuufikiria mlima. Mimi niliyezaliwa mlimani nilipima kazi yangu uwanjani, kwenye mchanga wa Same, injini imezimwa.

Nikaichukua kartoni nikaiangalia tena, na sasa hesabu ikanijia bila kuitwa. Fyuzi yake ilikuwa ya ampea ishirini. Betri ya gari ni volti kumi na mbili. Zidisha, unapata wati mia mbili na arobaini, na hapo bado hujatoa zinazopotea kwa joto. Zile elfu moja zilikuwa za wino. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kilikuwa kimezidiwa, na kilikuwa kimenieleza hivyo mara tatu kwa njia pekee kiliyokuwa nayo. Nikakiziba mdomo kwa karatasi ya sigara, kisha nikamkalisha mke wangu juu yake.

Kisha nikakumbuka mlango. Mlango wa upande wake ulifunguka kwa nje tu. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika. Nilikijua kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi ndani ya gari lile siku nzima. Kila nilichokijua kuhusu gari lile kilinigeukia.

Nilichukua baiskeli ya fundi cherehani jirani yangu bila kumwomba. Nilimsikia akiniita nyuma, sikugeuka. Stendi waliniambia pikapu imeshatoka, tena kitambo, na mmoja akanisifu kwa besi. Hakukuwa na simu ya kumfikia mtu yeyote huko juu. Magari mengine yote ya soko yalikuwa yameshuka kutoka mlimani na hayangepanda mpaka alasiri. Nikakanyaga baiskeli kwenye barabara ile ya vumbi, na kichwani nilikuwa naona moto unavyotembea: kutoka kwenye waya kwenda kwenye sponji ya kiti, kutoka kwenye sponji kwenda kwenye gauni, na nyuma ya bati jembamba la kabini, mafuta ya taa. Nilikuwa nalia huku nakanyaga. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni aliniamkia nikapita bila kuitikia, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Kwenye kijiji cha Mwembe, chini ya mlima, waliniambia walisimama hapo, wakashusha saruji, wakanywa chai, wameondoka sasa hivi tu. Sasa hivi ya Mwembe inaweza kuwa saa nzima. Barabara kutoka hapo inapanda kwa kuzunguka, inaingia kila bonde na kutoka, lakini njia ya miguu inapanda wima. Nikaiacha baiskeli kwenye kibaraza cha duka nikaishika njia ya miguu. Nilikimbia mpaka nikatapika, nikafuta mdomo, nikakimbia tena. Nilikuwa nimekula nini wiki ile mpaka nipate cha kutapika, sijui.

Nilipofika kwenye bega la mlima, kwenye kitongoji kimoja chenye nyumba chache, niliisikia besi. Ilitoka ng'ambo ya bonde. Niliona vumbi, na ndani ya vumbi pikapu, ndogo, ikipanda polepole upande ule mwingine. Ili barabara ifike upande wangu ilikuwa izunguke bonde lote, na mimi kuteremka mpaka mtoni na kupanda tena ningechukua muda ambao sikuwa nao. Nikapiga kelele. Sauti yangu haikufika hata kwenye migomba iliyo chini yangu.

Besi ilikuwa inadunda. Nilitaka inyamaze, maana kila pigo lilikuwa linauchemsha waya. Na nilitaka isinyamaze, maana ikinyamaza sijui ningefikiria nini. Nilisimama pale nikiomba yote mawili.

Katika kitongoji kile aliishi mtunza pembe ya msaragambo. Kwetu, kazi ya pamoja ya kijiji, kama kutengeneza barabara, kuchimba mfereji au kujenga darasa, huitwa kwa pembe. Ikilia, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na huulizi kazi ni ipi mpaka ufike. Pembe ile husikika ng'ambo hadi ng'ambo. Mtunzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye uso wa kununa, tuliyemjua wote kwa ukali wake, na nilimkuta anakaza fito za banda la mbuzi. Nikasahau hata shikamoo. Nikamwambia apige pembe.

Aliniangalia kuanzia miguuni. "Nani amekufa?" akauliza.

"Bado," nikamwambia.

Akaweka fito chini. Akanieleza, bila haraka hata kidogo, kwamba pembe hailizwi kwa ajili ya gari la mtu. Inalia kwa kazi au kwa msiba. Ikishalia na watu wakatoka na majembe, lazima wapewe kazi na ifanyike siku hiyo hiyo, na aliyesababisha lazima awe wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kuliweka chini, awe mgonjwa, awe na safari. Nikamwambia nakubali. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Nikamwonyesha vumbi lile na kumwambia ndani yake yumo mke wangu na mtoto, wamekalia moto nilioufunga kwa mikono yangu. Nafikiri ni neno hilo la mwisho lililomsukuma, maana aligeuka akaingia ndani.

Pembe ilikuwa darini juu ya mafiga, nyeusi kwa moshi. Akaitoa, akaifuta, kisha akamimina maji ndani yake ili ilainike. Niliona angetumia mwaka. Hatimaye akasimama ukingoni, akapiga.

Watu wakatoka. Niliwaona ng'ambo wakichomoza kwenye migomba mmoja mmoja, majembe begani, wakishuka barabarani, maana kazi huwa barabarani mara nyingi. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wamefika. Pikapu ikawakaribia. Wakasogea pembeni wakaipisha. Wengine walipunga mikono. Walifikiri kazi iko mbele zaidi, na dereva hakupunguza mwendo hata kidogo kwa sababu hakuisikia pembe. Pembe inayosikika milima miwili haikuingia ndani ya kabini ile. Besi yangu ilikuwa imeijaza.

Mtunza pembe akapiga tena, na tena, mishipa ya shingo imemtoka. Pikapu ikaingia kona iliyofuata.

Kisha besi ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Gari lilikwenda kidogo, likayumba, likasimama, na kutoka dirishani, upande wa mke wangu, ukatoka moshi mweupe. Niliteremka bonde lile bila kufuata njia. Nilianguka, nikaburuzika, nikavuka mto na viatu, nikaanza kupanda kwa mikono na miguu. Migomba ilinizuia kuona. Muda wote ule sikujua kitu. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sikuwa na uwezo nayo, nikamwomba amchukue mwenye kosa, nikamtajia na jina langu la ubatizo asije akakosea.

Nilipotokea barabarani watu walikuwa wamelizunguka gari. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Madebe ya mafuta ya taa yalikuwa yameshushwa na kuwekwa mbali, majanini. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe, mtoto mapajani mwake, mzima, anatafuna ndizi. Mkono wa kulia wa mke wangu ulikuwa ndani ya bakuli la maji alilolishika mama mmoja asiyemjua.

Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kwa wengine, kwa sababu yeye hakuyasimulia. Alianza kuhisi joto chini yake tangu kona za kwanza baada ya Mwembe. Akamwambia dereva apunguze. Dereva akamjibu kwamba aliyefunga ni mumewe, na mumewe amesema iko sawa, akaongeza sauti. Aliposikia harufu ya plastiki hakusema tena. Alijizungushia pindo la kanga mkononi, akainama, mtoto kambana kwa mkono mwingine, akaingiza mkono chini ya kiti, akakamata waya, akaung'oa. Kanga ikaungua na plastiki ikayeyukia kiganjani mwake. Ndipo moshi ukajaa, na wakati abiria wa juu ya mizigo wakishusha madebe ya mafuta, wale watu wa majembe waliokuwa nyuma wakakimbia wakafungua mlango kwa nje.

Nilipiga magoti mbele yake. Yeye aliniangalia uso uliojaa matope na damu, akasema, "Nilikuuliza jana."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Dereva alikuwa ameketi kwenye bampa, kichwa mikononi, akirudia kwamba hakuisikia pembe, hakuisikia kabisa. Sikumlaumu. Niliingia chini ya kiti kutoa waya zilizobaki, ili zisiguse bodi ya gari na kuanza upya. Sponji ilikuwa imetoboka na kuwa nyeusi. Waya ulikuwa umebaki shaba tupu. Amplifaya ilikuwa imepasuka rangi kwa joto. Nikaichomoa fyuzi. Karatasi ya sigara ilikuwa nzima, inang'aa, haina hata alama ya moshi. Katika gari lile kitu kilichotakiwa kuungua ndicho pekee ambacho hakikuungua, na mkono wa mke wangu ulifanya kazi yake.

Nikiwa bado nimeishika, nilisikia mtu ananiita nyuma. Mtunza pembe alikuwa ameshafika, na jembe lake. Nyuma yake kulikuwa na watu kama thelathini, wanaume kwa wanawake, wamesimama na majembe yao, wakingoja waambiwe kazi. Mvua zilizopita zilikuwa zimekula kona ile upande wa bondeni. Akaonyesha kwa kidole. Akanipa jembe.

Nikamwambia kwamba mke wangu ameungua, nataka kumpeleka zahanati ya misheni. Akasema akina mama wawili watampeleka, si mbali, na mimi nilikubali nilichokubali kule juu. Niliona watu wote wananitazama. Hakuna aliyenitukana wala kunicheka. Wengine walikuwa wameshaanza kusomba mawe.

Tangu siku ile nimefunga spika nyingi, maana kazi hiyo ndiyo iliyotulisha baadaye. Mteja akitaka besi kuliko kifaa chake kinavyoweza, namrudishia kartoni yake. Nasoma fyuzi kwanza, kisha omu, kisha waya. Fyuzi ikikatika natafuta sababu mpaka niipate, hata kama mteja anaangalia saa. Yote hayo ningeweza kuyajua siku ile kwa kumjibu mtu mmoja swali moja. Kiganja cha mke wangu hakifunguki chote mpaka leo, na akishika ungo hutumia vidole vya pembeni.

Lakini siku ile, kabla hajaondoka na akina mama wale, aliinuka kutoka kwenye jiwe akaja mpaka nilipokuwa nimesimama na jembe. Mkono ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kibichi. Hakuweza kumfunga mtoto mgongoni kwa mkono mmoja. Akaninyooshea kanga nyingine, akanigeuzia mgongo, akainama. Nikamweka mtoto, nikapitisha kanga, nikakaza fundo kifuani pake jinsi nilivyomwona akifanya kila siku.

"Umefunga vizuri?" akaniuliza.

Hakuwahi kuniuliza hivyo kwa jambo lolote tangu tuoane. Nikaliangalia fundo. Nikalifungua, nikalifunga upya.